Kabla ya kula, katikati au baada? Maswali yenu kuhusu vidonge vinavyotoa dawa polepole

Toleo lililopita tulieleza herufi ndogo zinazofuata jina la dawa kwenye boksi: SR, XR, XL, ER, CR, MR, LA, Retard. Kwa mgonjwa zote zinasema jambo moja, kwamba kidonge kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au 24 badala ya kuimwaga yote kwa mkupuo. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nimeze saa ngapi, na chakula kikae wapi? Tumechagua hizi hapa.

Nina kisukari na natumia metformini XR ya miligramu 500, vidonge viwili "usiku pamoja na chakula". Mimi mlo wangu mkubwa ni wa mchana. Usiku nakunywa chai ya rangi tu na kulala. Nikimeza na chai kuna ubaya? Zamani nilipokuwa na metformini ya kawaida niliambiwa chakula ni cha kutuliza tumbo tu. — Mama wa watoto wawili, Morogoro

Mama, ubaya upo, na si mdogo. Chai ya rangi si mlo. Metformini XR ikimezwa pamoja na chakula, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka kwa takriban asilimia 50 kuliko ikimezwa tumbo likiwa tupu. Kwa hesabu ya kawaida, miligramu zako 1000 ukizimeza na chai, mwili unapata kama theluthi mbili tu ya kile ambacho ungekipata ukimeza na chakula. Sukari ikipimwa na kukutwa juu, daktari anaweza kukuongezea dozi, kumbe dozi ilikuwa inatosha na kilichokosekana ni sahani.

Sababu yake iko tumboni. Metformini hufyonzwa hasa kwenye sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Ikishavuka hapo na kufika utumbo mpana, inayofyonzwa ni kidogo sana. Sasa kidonge cha XR kikikutana na maji huvimba na kuwa kama kipande cha jeli, na dawa hutoka ndani yake taratibu kwa saa kadhaa. Tumbo lenye chakula hufunga lango lake la kutokea, likaruhusu uji uliosagika tu upite, wenye chembe zisizozidi milimita moja au mbili. Kidonge kilichovimba kinabaki juu ya lango pamoja na chakula, kinadondosha dawa kidogo kidogo, na kila tone linapita mahali panapofaa.

Tumbo tupu lina tabia nyingine kabisa. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 huja wimbi la mikazo yenye nguvu linalofagia kila kilichobaki, mabaki ya chakula, mbegu, hata kidonge kizima. Likikikuta kidonge chako, kinasukumwa kwenye utumbo mwembamba, ambako safari huchukua kama saa tatu hadi nne, uwe umekula au hujala. Baada ya hapo kiko utumbo mpana, bado kimebeba dawa ambayo haitakufaa.

Uliloambiwa zamani nalo lilikuwa sahihi. Metformini ya kawaida, isiyo na herufi hizo, ikimezwa na chakula hufyonzwa pungufu kwa kama robo. Tunakubali hasara hiyo kwa sababu bila chakula wengi hupata kichefuchefu na kuharisha. Dawa ni moja, lakini vidonge vimejengwa tofauti, na chakula kinaamriwa kwa sababu mbili zisizofanana.

Habari njema ni kwamba huhitaji pilau. Mlo wa mafuta mengi na mlo wa mafuta kidogo vilipolinganishwa, matokeo kwa metformini XR yalikuwa sawa. Kipande cha muhogo wa kuchemsha na maharage, au ndizi mbili za kupika na mchicha, vinatosha. Kula nusu ya sahani, meza vidonge kwa glasi nzima ya maji, malizia nusu iliyobaki. Kama usiku chakula hakipandi kabisa, mweleze aliyekuandikia ili akuhamishie dozi kwenye mlo wa mchana, na akupangie siku ya kuhama. Usichanganye, leo mchana kesho usiku. Ukisahau na ukakumbuka saa moja au mbili baada ya kula, kula kitu kidogo umeze. Ukikumbuka asubuhi, iache hiyo, subiri mlo wa jioni, na usimeze dozi mbili kwa pamoja.

Nimeona kitu kama kidonge kizima kwenye haja kubwa. Ina maana dawa haikufanya kazi? — Msomaji, Dodoma

Mara nyingi ni ganda tu. Baadhi ya vidonge vya polepole vina gamba gumu lisiloyeyuka. Dawa hutoka kwa ndani, gamba linapita lilivyo. Metformini XR nayo huacha donge laini lenye umbo la kidonge. Libonyeze kwa kijiti: likiwa tupu au teketeke, dawa ilishatoka. Wasiwasi uwepo kama unaharisha, kwa sababu hapo kidonge kinaweza kupita mbio kabla ya kumaliza kazi. Pia kama unaona ganda kila siku na wakati huo huo sukari au presha haishuki, nenda ukaonwe.

Nilikuwa natumia dawa ya presha, nifedipini ya miligramu 30 ya mara moja kwa siku. Nilimeza kila asubuhi baada ya chai, mayai na chapati, miaka miwili bila shida. Mwezi uliopita nilipewa boksi la kampuni nyingine, miligramu zile zile. Tangu hapo, saa chache baada ya kumeza kichwa kinagonga, uso unawaka, na jioni vifundo vya miguu vimevimba. Muuzaji anasema dawa ni ile ile. — Msomaji, Kisumu

Dawa ni ile ile, lakini kidonge si kile kile, na tungependa kila muuzaji wa dawa alijue hili. Nifedipini ya saa 24 inajengwa kwa njia zaidi ya moja.

Aina ya kwanza ina gamba gumu lenye tundu dogo sana upande mmoja, lililotobolewa kwa leza. Ndani kuna tabaka mbili, moja ya dawa na nyingine ya kitu kinachofyonza maji na kuvimba. Kinapovimba kinasukuma dawa nje kupitia tundu, kwa kasi ile ile, tumbo liwe na chakula au lisiwe nacho. Aina ya pili haina gamba hilo. Ni jeli inayomomonyoka kidogo kidogo kuanzia nje, na mmomonyoko huo unategemea kinachoendelea tumboni. Tumbo linalosaga chapati na mayai linakisugua kidonge kuliko tumbo tulivu. Chukua mfano wa Adalat CC, nifedipini ya aina hii ya pili. Ikimezwa mara baada ya mlo wa mafuta mengi, kilele cha dawa kwenye damu kinapanda kwa asilimia 60, ingawa jumla ya dawa ya siku nzima haibadiliki sana. Ndiyo maana maelekezo yake yanataka imezwe tumbo likiwa tupu.

Kichwa kugonga, uso kuwaka na miguu kuvimba ni dalili zinazojulikana za nifedipini kufungua mishipa kuliko mwili ulivyozoea. Inawezekana kabisa boksi lako jipya ni la aina ya pili na wewe bado unalimeza kwa mtindo wa lile la kwanza. Fungua boksi, toa karatasi ya maelekezo, tafuta sehemu ya namna ya kutumia. Ikisema tumbo tupu, maana yake ni saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kwa siku tatu pima presha ukiwa umekaa, baada ya kupumzika dakika tano, mara moja kabla ya kumeza na mara nyingine saa nne hadi sita baadaye. Andika namba zote uende nazo kliniki pamoja na maboksi yote mawili. Kata kipande cha boksi lile lililokufaa, kiweke kwenye pochi, na kila ukinunua uonyeshe hicho. Nchini Uingereza madaktari hushauriwa kuandika nifedipini ya polepole kwa jina la kampuni kwa sababu hii hii. Usiiache dawa ghafla. Ukipata maumivu ya kifua au ukizimia, hospitali moja kwa moja.

Kama unatumia ile ya Retard ya miligramu 20, mara mbili kwa siku, saa yetu ya Kiswahili inasaidia: ukimeza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa mbili usiku. Namba ni ile ile na saa kumi na mbili zimetimia. Ila ukiweka kengele ya simu, kumbuka simu inasoma 8:00 na 20:00.

Jambo moja zaidi kwa wote wenye nifedipini au felodipini, dawa ya presha ya jamii hiyo hiyo: acheni balungi na juisi yake. Balungi huharibu kimeng'enya kilichoko kwenye ukuta wa utumbo ambacho kazi yake ni kupunguza dawa kabla haijaingia kwenye damu. Utumbo unahitaji siku nzima au zaidi kukitengeneza upya, kwa hiyo kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakukuokoi. Danzi, lile chungwa chungu, lina tabia hiyo hiyo, na watu wa pwani wanaopenda juisi ya madanzi walijue hilo. Chungwa tamu la kawaida halina shida.

Baba yangu ana miaka 68 na ugonjwa sugu wa mapafu. Anatumia teofilini ya saa 24, miligramu 400 kila asubuhi. Siku za kawaida yuko salama. Jumapili tunapika supu ya mbuzi na chapati, na Jumapili ndiyo siku moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na usiku halali. Inaweza kuwa chakula? — Msomaji, Arusha

Inaweza sana, na umefanya vizuri kuhesabu siku. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waligundua kwamba teofilini moja ya saa 24 ikimezwa na kifungua kinywa chenye mafuta mengi, sehemu kubwa ya dozi iliyotakiwa kudumu siku nzima iliachiwa ndani ya saa chache. Wafamasia huita hali hiyo kumwagika kwa dozi. Mpaka leo maelekezo ya Theo-24, teofilini ya saa 24, yanamtaka mwenye dozi kubwa, miligramu 900 au zaidi kwa siku, aepuke kifungua kinywa cha mafuta mengi au ameze angalau saa moja kabla ya kula. Dozi ya baba iko chini ya hapo, lakini mzee wa umri wake huiondoa teofilini mwilini polepole kuliko kijana, na dawa hii haina nafasi kubwa ya makosa. Kiwango kinacholengwa kwenye damu kwa kawaida hakivuki mikrogramu 20 kwa mililita. Kikipita hapo, matatizo huanza.

Kwenye majaribio ya dawa, "mlo wa mafuta mengi" una kipimo chake: kalori 800 hadi 1000, karibu nusu yake zikitoka kwenye mafuta. Mfano unaotumika Marekani ni mayai mawili yaliyokaangwa kwa siagi, vipande viwili vya nyama ya nguruwe, slesi mbili za mkate uliopakwa siagi, viazi vya kukaanga na glasi kubwa ya maziwa. Bakuli la supu ya mbuzi lenye mafuta yanayoelea, pamoja na chapati mbili za kusukuma, si mbali na hapo.

Teofilini za kampuni tofauti hazifanani. Zipo zinazomwagika kwa mafuta, zipo ambazo chakula kinazipunguzia kufyonzwa, na zipo ambazo hazijali. Kwa hiyo tafuta karatasi ya boksi la baba usome linavyosema. Wakati unasubiri kumwona daktari, ameze saa moja kamili kabla ya kifungua kinywa, kila siku ikiwemo Jumapili, na supu ihamie mchana. Omba apimwe kiwango cha teofilini kwenye damu kama maabara iliyo karibu inaweza. Uliza pia kama aliandikiwa siprofloksasini au erithromaisini (dawa za kuua bakteria) karibuni, kwa sababu zote mbili hupandisha teofilini hata bila chapati. Kahawa nayo apunguze, maana kafeini na teofilini ni ndugu wa damu na huongezeana mitetemo. Akitapika mara kwa mara, moyo ukienda mbio akiwa amekaa, au akipata degedege, mpelekeni hospitali na boksi la dawa mkononi, na dozi inayofuata msimpe.

Asalaam aleykum. Nina miaka 63 na nina kisukari. Natumia metformini XR, gliklazidi MR ya miligramu 60 na tamsulosini ya tezi dume, zote baada ya kifungua kinywa. Nataka kufunga Ramadhani. Nizihamishie futari zote, au daku? — Mzanzibari, Muscat

Waaleykum salaam, na shikamoo mzee wetu. Kwanza nenda kwa daktari wako wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Mwenye kisukari anapimwa kama mwili wake unaweza kufunga, na dozi zinapangwa mapema. Haya yafuatayo ni ya kwenda nayo kwenye mazungumzo hayo.

Metformini XR inahamia futari. Dozi kwa kawaida haibadilishwi. Fungua kwa tende na maji, anza kula, na umeze katikati ya chakula, si pamoja na tende ya kwanza.

Gliklazidi MR nayo kwa kawaida inahamia futari, lakini sababu ni nyingine. Chakula hakiisaidii kufyonzwa. Chakula kinatakiwa kiwepo ili sukari inaposhushwa kuwe na cha kushushwa. Kama sukari yako imetulia vizuri, daktari anaweza kupunguza dozi kwa mwezi huu. Ukiimeza daku, nguvu yake inakaa nawe mchana kutwa ukiwa huli, na hapo ndipo watu huanguka. Pima sukari hata ukiwa umefunga, kwani tone la damu la kidoleni halifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 (ambayo kwenye mashine nyingine husomeka 70), au ikipanda juu ya 16.6 (yaani 300), fungua hapo hapo.

Tamsulosini ndiyo inayosahauliwa. Ikimezwa tumbo tupu, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaongezeka kwa asilimia 30 na kilele kinapanda kwa asilimia 40 hadi 70. Dawa hii hulegeza misuli ya njia ya mkojo, lakini hulegeza na mishipa ya damu, kwa hiyo kilele kikiwa juu presha inashuka ukisimama. Meza nusu saa baada ya futari, kila siku mlo huo huo. Mtu aliyefunga siku nzima ana upungufu wa maji, basi kunywa vya kutosha kabla ya kwenda msikitini, na kwenye tarawehe ukiinuka kutoka sijda inuka taratibu. Ukihisi kizunguzungu, swali umekaa usiku huo.

Walioandikiwa dawa ya polepole inayotaka tumbo tupu waimeze saa mbili baada ya kumaliza kula usiku, au saa moja kabla ya daku. Wenye dawa ya kila baada ya saa 12 wajue kwamba kutoka futari mpaka daku, kwetu karibu na ikweta, ni kama saa kumi tu, na kutoka daku mpaka futari ni kumi na nne. Dawa nyingi za presha zinavumilia tofauti hiyo. Za kifafa na za maumivu makali msizisogeze bila daktari.

Mgongo unaniuma. Nilipewa diklofenaki 50, bahasha imeandikwa "1x3 baada ya kula". Nikila ugali nikameza, maumivu yanakaa hata muda wa saa nne ndipo yapungue. Jirani kanipa zake za SR 100, anasema ndizo kali. Nimeze hizo 1x3? — Msomaji, Mwanza

Hapana. Hesabu: 100 mara tatu ni miligramu 300, na kikomo cha mtu mzima kwa siku ni 150. SR 100 ni kidonge kimoja kwa siku, basi. Si kali kuliko nyingine, ni ndefu kuliko nyingine. Mrudishie jirani.

Diklofenaki yako ya 50 inaelekea ni ile yenye ngozi laini inayong'aa juu yake. Angalia kama boksi lina herufi EC. Hiyo si dawa ya polepole, ingawa watu wengi wanazichanganya. Ngozi ile imetengenezwa isiyeyuke kwenye asidi ya tumbo, iyeyuke kwenye utumbo. Ikishayeyuka, dawa yote inatoka mara moja. Kwa hiyo kidonge kikimezwa juu ya ugali kinanaswa nyuma ya lile lango tulilolieleza kwa mama wa Morogoro, kikisubiri tumbo limalize kazi. Dawa huchelewa kuanza kufyonzwa kwa saa moja hadi nne na nusu, lakini jumla inayoingia haipungui sana. Unachokiona ni cha kawaida. Ukimeza kwa ratiba, kila dozi inapokea zamu ya iliyotangulia na ucheleweshaji hauonekani. Ukisubiri maumivu yafike juu ndipo umeze, utateseka kila mara.

Usimeze kwa maziwa wala pamoja na dawa ya kiungulia. Vyote hupunguza asidi, na ngozi inaweza kuyeyuka tumboni kabla ya wakati. Na ngozi hiyo haikukingi na vidonda vya tumbo kwa asilimia mia, kwa sababu diklofenaki hudhoofisha kinga ya tumbo ikiwa ndani ya damu pia. Kama una presha, ugonjwa wa figo au historia ya vidonda, rudi ukabadilishiwe dawa. Ukihitaji inayoanza haraka, omba ile isiyo na ngozi. Usitatue kwa kushinda njaa.

Bia moja na kidonge cha polepole, vipi? — Msomaji, Nakuru

Kwa dawa za maumivu za jamii ya morfini, hapana kabisa. Mwaka 2005 Palladone, haidromofoni ya saa 24, iliondolewa sokoni Marekani miezi michache tu baada ya kuanza kuuzwa. Ilionekana kwamba pombe inayeyusha mfumo uliokuwa unaizuia dawa. Kwa waliokunywa mililita 240 za pombe ya asilimia 40, kilele kilipanda wastani wa mara sita, na kwa mmoja wao mara kumi na sita. Dozi ya namna hiyo inasimamisha pumzi. Si kila kidonge kimejengwa vile, lakini kwa macho hutaweza kutofautisha.

Mama alipata kiharusi na hawezi kumeza vizuri. Dawa zake za presha, moja imeandikwa Retard na nyingine ZOK, nazitwanga kwenye kinu kidogo na kuchanganya na uji wa moto ili zisimkere. Mfamasia mmoja alinikataza bila kueleza. — Msomaji, Tabora

Dada, acha kutwanga kuanzia leo, na pole kwa kazi unayoifanya. Aliyekukataza alikuwa sahihi. Ukitwanga kidonge cha Retard, dawa ya saa 12 inaingia kwa dakika chache. Presha ya mama inaweza kushuka kwa kishindo, na ubongo uliokwisha kupata kiharusi ndio usiovumilia kushuka kwa namna hiyo. Baada ya saa chache dawa imekwisha na presha inapanda tena mpaka dozi inayofuata. Uji nao unaongeza mambo, kwani asipoumaliza hutajua amepata kiasi gani.

Mwambie daktari kwa maneno haya: "mama hawezi kumeza vidonge vizima". Mara nyingi ipo dawa ya kawaida ya presha inayoruhusiwa kusagwa, au ya maji, au ya kundi jingine kabisa inayodumu siku nzima yenyewe bila kujengwa itoke polepole. Omba pia apimwe umezaji kabla ya kumpa kitu chochote kwa mdomo, kwa sababu uji ukiingia njia ya hewa unaleta nimonia.

ZOK ni metoprololi, na yenyewe ni tofauti kidogo. Kidonge chake ni mkusanyiko wa punje nyingi ndogo, kila moja ina ngozi yake. Ndiyo maana kina mstari wa kukatia na kinaweza kukatwa nusu, ila si kusagwa wala kutafunwa. Mstari huo ndio ruhusa, na kidonge cha polepole kisicho na mstari hakikatwi.

Kapsuli zenye punje ndani, baadhi zinaweza kufunguliwa, lakini uliza kwa kila moja kwa jina lake, maana tamsulosini kwa mfano haifunguliwi. Ukiruhusiwa, nyunyiza punje juu ya kijiko kimoja cha chakula laini kilichopoa, si cha moto, kwa sababu moto unaharibu ngozi za punje. Ameze hapo hapo bila kutafuna, kisha umpe maji vijiko viwili vitatu na umwangalie mdomoni, chini ya ulimi na kwenye shavu la upande uliolegea, kama kuna punje zilizobaki.